Nakamura Hajime na Amana ya Elimu

Mwaka 1958 kampuni ya uchapishaji ya Iwanami mjini Tokyo ilitoa kitabu kidogo, cha kutia mfukoni, chenye maneno ya Budha yaliyotafsiriwa moja kwa moja kutoka Kipali, lugha ya kale ya India. Kitabu chenyewe ni Suttanipata, mkusanyiko wa mashairi na mazungumzo ambao wataalamu wengi huuweka miongoni mwa matini kongwe kabisa za Ubudha. Sehemu yake ya kwanza inahusu nyoka. Humo hasira inafananishwa na sumu ya nyoka inayosambaa mwilini, na mtu anayeiwahi hasira yake mara inapochomoza anafananishwa na anayeiwahi sumu hiyo kwa dawa. Aliyeifanya tafsiri hiyo ni Nakamura Hajime, profesa wa falsafa ya Kihindi katika Chuo Kikuu cha Tokyo, wakati huo akiwa na miaka 45. (Wajapani hutanguliza jina la ukoo, Nakamura ndio ukoo wake.) Miaka michache baadaye, maneno hayo ya ukurasa wa kwanza yalikuja kumkuta yeye mwenyewe, kwa namna ambayo watu wa Japani wanaisimulia hadi leo.

Mimi si Mbudha. Nimevutwa na maisha ya Nakamura kwa jambo linalomhusu yeyote anayeishi kwa kazi ya akili, awe mwalimu wa shule ya msingi, sheikh, padri, mwandishi wa habari au mfasiri. Aliichukulia elimu yake kama amana. Alijiona ameshikishwa kitu cha wenyewe, na wenyewe ni watu wa kawaida ambao hawatasoma Kisanskriti wala Kipali hadi wanaingia kaburini. Nikimtazama kwa jicho hilo, mengi yanayosimuliwa juu yake yanaacha kuwa maajabu na kuanza kueleweka.

Ili kuona uzito wa kile kitabu kidogo cha 1958, yafaa kukumbuka Ubudha uliingiaje Japani. Uliingia katika karne ya 6, kupitia Korea, ukiwa umevaa lugha ya Kichina. Maandiko yalikuwa yameshatafsiriwa China kutoka lugha za India, na Wajapani wakayapokea vilevile, wakayasoma kwa matamshi yao. Kwa zaidi ya miaka 1,300 familia iliyofiwa ilikaa hekaluni, ikamsikiliza mtawa akiyaghani maandiko, ikainamisha vichwa kwa heshima, na walio wengi wasiambulie maana ya sentensi hata moja. Sauti ile ilikuwa na faraja yake na sitaki kuidharau. Wazee wa Kikatoliki huku kwetu waliokulia katika Misa ya Kilatini watanielewa. Lakini Budha, kwa mujibu wa maandiko yenyewe, alizungumza na wakulima, wafalme, wafinyanzi na makahaba kwa lugha waliyoielewa. Kati ya maneno aliyosemeshwa mfinyanzi na sauti aliyoisikia mfiwa wa Tokyo kulikuwa na umbali mkubwa, na kwa karne nyingi ni wachache walioona kwamba umbali huo ni tatizo.

Wasomi wa enzi ya Meiji, mwishoni mwa karne ya 19, walianza kuupunguza. Nanjo Bun'yu alikwenda Oxford kujifunza Kisanskriti kwa Max Müller, naye Takakusu Junjiro akafuata njia hiyohiyo. Kati ya 1924 na 1934 Takakusu na wenzake walisimamia uchapishaji wa maandiko yote ya Kibudha ya Kichina na ya Kijapani katika majalada 100, ambayo hadi sasa ndiyo hutajwa na watafiti ulimwenguni kote. Kwa hiyo kijana Nakamura alipoingia chuo kikuu, nyumba ya elimu ya Ubudha ilikuwa imekwisha kujengwa, tena imara. Ila mlango wake ulikuwa mwembamba, na waliopita ni wachache.

Alizaliwa tarehe 28 Novemba 1912 huko Matsue, mkoani Shimane, upande wa Bahari ya Japani, na familia yake ikahamia Tokyo angali mdogo. Akiwa sekondari alipata ugonjwa wa figo uliomtoa shuleni kwa muda mrefu. Huko kitandani ndiko alikoanza kusoma vitabu vya dini na falsafa. Wanafalsafa wengi wana hadithi ya namna hii ya ugonjwa wa utotoni, na mtu asiiegemee kupita kiasi, maana watoto wengi zaidi huugua, wakapona, wakarudi kucheza mpira. Alimaliza masomo ya falsafa ya Kihindi na fasihi ya Kisanskriti mwaka 1936 katika Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo, chini ya Ui Hakuju, mtawa wa madhehebu ya Kibudha ya Soto aliyekuwa amesoma Ujerumani na kurudi na uzoefu mkubwa wa kuchambua matini za kale.

Tasnifu ya Nakamura haikuhusu Ubudha. Ilihusu Vedanta, falsafa kubwa ya Kihindu, na hasa historia yake kabla ya Shankara, yule mwanafalsafa wa karne ya 8 aliyeipa umbo linalojulikana leo. Ugumu ni kwamba maandishi mengi ya walimu wa Vedanta waliomtangulia Shankara yamepotea, na yaliyosalia ni vipande. Nakamura akaenda kuyatafuta ambako wengi hawakuyatafuta, yaani kwa wapinzani. Wanafalsafa wa Kibudha na wa Kijaini walikuwa wamezitaja hoja za Vedanta katika vitabu vyao ili wazipinge, na vitabu vya Wabudha vilikuwa vimehifadhiwa katika tafsiri za Kichina na za Kitibeti. Mtu aliyezijua lugha zote hizo angeweza kuokota hoja moja hapa na nyingine pale, akazipanga, na hatimaye akaisikia tena sauti ya walimu waliokwisha kusahauliwa na wafuasi wao wenyewe.

Hapa napenda kutua. Mabishano yale ya India ya kale yalikuwa makali. Wabudha na watu wa Vedanta walipingana juu ya mambo mazito: kama kuna nafsi isiyokufa, kama ulimwengu una chanzo kimoja, kama mtu anaokolewa kwa kujua au kwa kuachilia. Hata hivyo desturi yao ilikuwa kuieleza kwanza hoja ya mpinzani, tena kwa nguvu yake, kabla ya kuijibu. Si wote walioifuata kwa uaminifu uleule, lakini walioifuata walitosha kumwezesha kijana wa Tokyo, zaidi ya miaka 1,000 baadaye, kuyajenga upya mawazo ya watu kutoka katika vitabu vilivyoandikwa kuyabomoa. Nikisikiliza mabishano yetu ya siku hizi, ya dini na ya siasa, najiuliza: iwapo maandishi ya upande mmoja yote yangeteketea leo, je, mtafiti wa miaka ijayo angeweza kujua upande huo ulisema nini kwa kusoma tu ya wapinzani wao? Kwa mengi niliyoyasikia kwenye vipaza sauti na kuyasoma kwenye simu, angeambulia matusi. Kumnukuu mtu unayempinga kwa namna ambayo yeye mwenyewe angekubali kwamba ndivyo alivyosema ni uadilifu mkubwa, na ni adimu.

Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1943 na mwaka huohuo akawa profesa mshiriki, akiwa na miaka 30. Tasnifu ilichapishwa kwa majalada 4 kati ya 1950 na 1956. Mtu angedhani kwamba baada ya kazi kama hiyo angejifungia humo maisha yake yote. Katika vyuo vikuu ndiyo njia salama. Lakini vita vilikuwa vimepita katikati. Japani ilishindwa mwaka 1945, miji yake ikiwa imechomwa, ikawa chini ya majeshi ya Marekani hadi 1952.

Kati ya 1948 na 1949 Nakamura alitoa kitabu juu ya namna za kufikiri za watu wa Mashariki. Alichukua mafundisho ya Budha kama kipimo. Mafundisho ni yaleyale, lakini Wahindi waliyaelewa hivi, Wachina wakayageuza hivi, Watibeti na Wajapani wakayapokea kwa namna zao. Basi tofauti hizo zituambie kitu juu ya wapokeaji. Alipofika kwa watu wake hakuwahurumia. Aliandika kwamba Wajapani wamekuwa na mwelekeo wa kuliweka kundi lao, ukoo wao na bwana wao juu ya kanuni zinazomhusu kila binadamu, na kwamba hata Ubudha, dini iliyofika ikiwa na ujumbe kwa viumbe wote, ulibanwa ndani ya mahusiano hayo finyu. Kumbuka mwaka. Wasomaji wake walikuwa ni watu waliopeleka watoto wao vitani kwa jina la mfalme, na wengi wa watoto hao hawakurudi. Kusema hivyo wakati ule, kwa sauti ya utulivu, kwa ushahidi wa maandiko na bila kuwatukana wafu, kulihitaji moyo.

Hata hivyo kitabu hiki ndicho ninachokitilia shaka kuliko vyote alivyoandika. Kilitafsiriwa kwa Kiingereza na kikamjengea jina Marekani na Ulaya, na huenda sehemu ya umaarufu huo ilitokana na udhaifu wake: kinamrahisishia msomaji wa mbali kusema Mhindi hufikiri hivi, Mchina hufikiri vile. Sisi Waafrika tumeandikiwa vitabu vingi vya namna hiyo na tunajua vinavyouma, hata vile vilivyoandikwa kwa mapenzi. Watu mamilioni mia, wa karne kumi na tano, wenye matajiri na maskini, wanaume na wanawake, hawaingii katika sentensi moja. Nakamura alijua hatari hiyo. Alikataa wazi ile imani kwamba kuna “Mashariki” moja inayosimama dhidi ya “Magharibi” moja, na ndiyo maana akawatenganisha Wahindi na Wachina na Wajapani. Ila alipokwisha kuivunja Mashariki vipande, kila kipande alikitendea kana kwamba hakigawanyiki tena. Nasema hili kwa heshima. Mwanazuoni anayestahili kusifiwa anastahili pia kupingwa, na yeye, aliyejifunza mengi sana kutoka vitabu vya wapinzani, sidhani kama angenung'unika.

Sasa nije kwenye kamusi yake ya istilahi za Kibudha, na kwenye kile kisa nilichokidokeza mwanzoni.

Istilahi za Ubudha wa Japani zina tabu ya peke yake. Kuna zilizotafsiriwa kwa Kichina kutoka Kisanskriti. Kuna ambazo hazikutafsiriwa bali sauti zake ziliandikwa tu kwa herufi za Kichina. Kuna zilizozaliwa China, na nyingine Japani kwenyewe. Neno moja la Kihindi huweza kuwa na tafsiri tatu au nne za Kichina, kulingana na nani alitafsiri na karne gani. Na neno moja la Kichina huweza kusimama mahali pa maneno kadhaa ya Kihindi yenye maana mbalimbali. Mtu akikutana na neno kama hilo katika andiko, asipokuwa na kamusi nzuri, anakisia. Kamusi zilikuwapo kabla ya Nakamura, nazo zilikula umri wa watu. Oda Tokuno, mtawa na msomi, alifariki mwaka 1911 bila kuiona kamusi yake kubwa ikichapishwa. Ilitoka mwaka 1917, baada ya wengine kuimalizia. Lakini zilikuwa kamusi za wataalamu kwa wataalamu, zenye kueleza neno gumu kwa maneno mengine magumu.

Nakamura alitaka kamusi ambayo ufafanuzi wake uko katika Kijapani cha kila siku, na ambayo chini ya kidahizo msomaji ataoneshwa asili ya neno katika Kisanskriti, Kipali au Kitibeti, na andiko linamopatikana. Alifanya kazi hiyo kwa takriban miaka 20, kwa mkono, huku akifundisha na kuandika vitabu vingine. Katika miaka ya 1960, kazi ikiwa imekaribia kwisha, mchapishaji aliyekabidhiwa mswada aliupoteza.

Inasimuliwa kwamba Nakamura hakufoka. Alisema kitu cha maana hii: hata nikikasirika, mswada hautapatikana. Kesho yake akaanza upya. Ilimchukua miaka 8 mingine, na mwaka 1975 kamusi ikatoka kwa majalada 3, ikiwa na vidahizo takriban 45,000.

Hadithi hii hupendwa sana, na mtu akiisimulia haraka inageuka kuwa sifa tupu ya mtu mpole. Hasira hasara, tutasema, tukapita. Mimi nimeikalia kwa muda na nimeona kwamba uzito wake hauko katika siku ile ya habari mbaya. Siku ya msiba mtu anaweza kunyamaza kwa sababu amepigwa na butwaa. Wengi wetu tumewahi kuwa watulivu namna hiyo bila kuwa na fadhila yoyote. Uzito uko katika ile miaka 8. Kila asubuhi aliketi kulieleza neno ambalo alikwisha kulieleza. Bila shaka yapo maneno aliyokumbuka kwamba aliyaeleza vizuri zaidi mara ya kwanza, kwamba palikuwa na mfano mzuri kutoka andiko fulani, na mfano ule sasa haumjii. Hapo ndipo hasira hukaa. Hasira ya siku ya kwanza hupoa yenyewe. Ya mwaka wa tatu, inayokujia ukiwa umechoka na karatasi iko tupu mbele yako, ndiyo yenye sumu. Kama aliweza kuifanya kazi ya miaka 20 ndani ya miaka 8, ni lazima nguvu ambayo wengine wangeimalizia katika kinyongo yeye aliimalizia katika vidahizo.

Nguvu hiyo aliipata wapi? Jibu la haraka ni kwamba alikuwa ameyatafsiri maneno ya Budha juu ya hasira, akayafuata. Sitaki kulikataa. Lakini kuyajua maneno mazuri hakutoshi. Tunao watu wengi wanaoyajua kwa moyo na bado wanawaka kwa jambo dogo. Naona siri iko katika ile amana. Mtu aliyepoteza mali yake huhesabu alichopoteza, na aliyepotelewa na amana huhesabu anachodaiwa. Kama ungeshikishwa na jirani mbuzi, na mbuzi akapotea kwa uzembe wa mchungaji uliyemwamini, ungehuzunika, ndiyo, ungemlaumu mchungaji, lakini deni lako kwa jirani lingebaki palepale. Msomaji asiyejua Kisanskriti alikuwa bado anaisubiri kamusi. Mswada ulipotea; msomaji yule hakupotea. Nakamura alilitazama deni, na anayetazama deni ana kazi ya kufanya kesho asubuhi.

Kuna pingamizi ambalo ni lazima nilijibu, kwa sababu nimeona hadithi za uvumilivu zikitumiwa vibaya. Katika ofisi zetu, majumbani na hata katika nyumba za ibada, anayeambiwa avumilie karibu siku zote ni aliyekosewa. Mwanamke aliyepigwa anaambiwa asubiri. Mfanyakazi aliyedhulumiwa mshahara anaambiwa Mungu atamlipa. Mtu wa jinsi hiyo akisikia habari za profesa aliyepotezewa kazi ya miaka 20 asikasirike, ana haki ya kuuliza kama anafundishwa unyonge kwa mara nyingine. Namjibu kwamba utulivu wa Nakamura aliuchagua yeye mwenyewe, kwa jambo lililomhusu yeye, baada ya dhara ambalo halikuweza kurekebishwa kwa njia yoyote. Mchapishaji hakuwa na haki ya kumdai utulivu huo, na asingekuwa na haki ya kumsifia. Pale ambapo dhara bado linatendeka na linaweza kuzuiwa, mafundisho hayohayo ya Kibudha yanataka lizuiwe. Huruma kwa viumbe haimaanishi kumwachia mtesi aendelee. Subira ni nzuri inapotoka kwa mwenye jeraha. Ikitoka mdomoni mwa aliyejeruhi, ni jeraha la pili.

Huruma hiyo Nakamura aliiandikia kitabu kizima mwaka 1956, akiifuatilia kutoka India hadi Japani. Mwaka 1980 aliandika juu ya Nagarjuna, mwanafalsafa wa Kihindi aliyefundisha kwamba hakuna kitu kinachosimama peke yake, kila kilichopo kipo kwa kutegemea vingine. Ni falsafa ngumu, na vizazi vya watawa vimevunja vichwa juu yake. Yeye aliieleza kwa watu wanaosafiri na treni asubuhi kwenda kazini.

Na hapo ndipo wenzake wengine walipomlaumu. Katika tafsiri zake za maandiko ya Kipali alitumia Kijapani chepesi kadiri alivyoweza. Nirvana, neno ambalo Wajapani walizoea kuliandika kwa herufi nzito za Kichina na kulizunguka kwa ukimya, mahali pengi alilitafsiri kwa neno la kawaida lenye maana ya utulivu wa moyo, akieleza katika maelezo yake kwamba katika mashairi yale ya kale neno hilo lilikuwa bado halijabebeshwa mizigo ya walimu wa madhehebu waliokuja baadaye. Wakosoaji walisema utukufu wa maandiko unapotea, kwamba maneno ya Budha yanageuka kuwa mazungumzo ya jirani.

Ukosoaji huo si wa kupuuzwa. Kuna mambo ambayo ni magumu kwa asili yake, na neno rahisi likiwekwa mbele ya jambo gumu huweza kumdanganya msomaji kwamba ameelewa. Nimesoma vitabu vingi vya hekima ya Mashariki vilivyoandikwa kwa wepesi wa kupindukia, na vingi havina kitu ndani. Ila tuangalie ni nani aliyefanya wepesi huu. Mtu aliyeandika vidahizo 45,000, tena mara mbili, hakuchagua neno rahisi kwa kukosa gumu. Alijua yote yaliyowezekana kusemwa, akaamua lipi linamfaa mama aliyefiwa na mtoto anayetaka kujua Budha alisema nini juu ya huzuni. Msimamo wake aliutamka mara nyingi: kuwaonesha watu dira ya maisha nako ni kazi ya mwanazuoni. Vyuoni, kule kwao na huku kwetu, msimamo huo huonekana kama wa kushusha hadhi. Profesa anayeandika gazetini hutiliwa shaka na wenzake. Anayeandika asichoelewa mtu huogopwa, na woga huo huchukuliwa kuwa heshima. Sioni kwa nini iwe hivyo. Kodi ya mkulima ndiyo iliyomlisha yule profesa maktabani.

Mwaka 1973 alistaafu Chuo Kikuu cha Tokyo, akiwa na miaka 60, na akaanzisha shule yake mjini humo iitwayo Toho Gakuin. Ilikuwa shule isiyouliza. Haikuuliza umri, kazi, shahada wala taifa la mtu. Aliyetaka kujifunza Kisanskriti, Kipali au falsafa ya India alikaribishwa, na aliyeketi naye mezani huenda akawa mtawa, karani mstaafu au mwanafunzi wa chuo kikuu. Wazo alilolijengea shule hiyo ni kwamba akipatikana mmoja anayetaka kufundisha kwa dhati na mmoja anayetaka kujifunza kwa dhati, shule imekwisha kuwapo. Wawili tu. Sisi tuliozoea kupima kongamano kwa wingi wa viti na shule kwa wingi wa majengo tuna la kujifunza hapo, na nasema hivyo nikiwakumbuka walimu wa madrasa waliofundisha barazani kwao watoto watatu wanne kwa miaka mingi, bila cheti ukutani.

Heshima zilikuja. Mwaka 1977 alipewa Nishani ya Utamaduni, tuzo ya juu kabisa ya taifa la Japani kwa watu wa elimu na sanaa. Vitabu na makala zake vilipita 1,000. Katika yote hayo aliendelea kufundisha katika shule yake ndogo hadi uzeeni. Inasimuliwa kwamba katika wiki zake za mwisho, akiwa amelala nusu fahamu, alianza kutoa mhadhara: akaomba radhi kwamba hali ya afya inamlazimu kuzungumza akiwa amelala, akaendelea kwa kama dakika 45. Wapo watakaoona hapo muujiza. Mimi naona mazoea ya mtu aliyekuwa akifanya jambo moja kwa zaidi ya nusu karne, na naona adabu: hata pale alikumbuka kwamba wanaosikiliza wanastahili kuombwa radhi. Alifariki tarehe 10 Oktoba 1999, akiwa na miaka 86.

Huko Matsue alikozaliwa, jumba la kumbukumbu yake lilifunguliwa mwaka 2012, mwaka wa 100 tangu kuzaliwa kwake, na vitabu vyake vimehifadhiwa humo. Kamusi nayo ilitoka upya mwaka 2001, yeye akiwa amekwisha kufariki, safari hii kwa majalada 4, ikiwa na vidahizo takriban 8,000 ambavyo havikuwamo katika toleo la 1975. Hivyo basi, baada ya kuandika mara ya pili kitabu kilichopotea, kikiwa kimeshasifiwa na kuingia katika kila maktaba ya Ubudha nchini mwake, aliendelea kuyatafuta maneno aliyoyaacha, akiyaeleza moja moja kwa Kijapani ambacho mtu yeyote anakielewa.